Siri ya Pesa kwenye Simu: Maswali ya Watu wa Malindi na Kilifi

Kutoka Mtwapa hadi Gongoni, pesa sasa hutembea kwa simu. Mvuvi wa Ngomeni hulipwa samaki wake kwa simu, dereva wa tuktuk mjini Malindi amebandika namba ya till kwenye kioo, na dada aliye kazini Saudia hutuma matumizi ambayo mamake wa Kaloleni huyatoa siku hiyo hiyo kwa wakala wa kijijini. Juu ya hayo wamezuka vijana wanaozungumza habari za bitikoini, tokeni na woleti, na nyuma yao matapeli. Vyote hivi, vya kampuni za simu, vya benki na vya kripto, vimesimama juu ya elimu moja: kriptografia, yaani hesabu za kufumba ujumbe na kumthibitisha aliyeutuma.

Katika maswali mengi yanayoulizwa kuhusu elimu hii, mambo matatu huchanganywa. La kwanza ni pesa zako zisiibwe. La pili ni habari zako zisisomwe na wasiohusika. La tatu ni wewe mwenyewe usijulikane. Hesabu hulifanya la kwanza vizuri mno, la pili kwa sehemu, na la tatu kwa nadra. Anayekuuzia kitu kwa kukuahidi yote matatu kwa pamoja, mwogope.

Kriptografia hufanya kazi vipi hasa?

Mafumbo ya zamani yalikuwa ya kubadilishana herufi: a iwe m, b iwe k, na kadhalika. Karne ya 9 huko Baghdad, mwanachuoni al-Kindi aliandika namna ya kuyavunja: hesabu herufi ipi inajirudia zaidi, uilinganishe na lugha yenyewe. Kiswahili ni chepesi kuvunjwa kwa njia hiyo kwa sababu herufi a imejaa kila mahali. Mpe kijana yeyote mwenye subira barua ya Kiswahili iliyofumbwa hivyo, atakurudishia imefumbuliwa.

Mwaka 1883 Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliweka kanuni ambayo wataalamu wanaishika hadi leo. Mfumo mzuri ni ule ambao adui anaweza kuujua wote ulivyotengenezwa, isipokuwa ufunguo, na bado akashindwa. Ukisikia mtu anasema, "Teknolojia yetu ni ya siri, hatuwezi kueleza inavyofanya kazi," basi hiyo peke yake ni sababu ya kumtilia shaka.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1976, pale Whitfield Diffie na Martin Hellman walipoonyesha kwamba watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kuwasiliana kwa siri bila kupeana ufunguo kwanza. Muda mfupi baadaye Rivest, Shamir na Adleman walibuni mfumo wa RSA, ambao unaweza kuujaribu kwa kalamu na karatasi. Chukua namba tasa mbili, 3 na 11. Zizidishe upate 33. Sasa punguza moja kwa kila mojawapo, upate 2 na 10, zizidishe upate 20. Tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinapita 20 kwa moja: 3 na 7, maana zinatoa 21. Tangaza 33 na 3 kwa ulimwengu mzima. Ile 7 iwe yako peke yako.

Mtu anataka kukutumia namba 4 kwa siri. Anapiga 4 × 4 × 4, anapata 64, anagawanya kwa 33 na kuchukua baki, 31. Anakutumia 31. Wewe unaandika 31 mara saba na kuzizidisha zote, unapata 27,512,614,111. Gawanya kwa 33: baki ni 4. Aliyeiona 31 njiani hajui la kufanya nayo, kwa sababu hana 7. Ili aipate 7 lazima aipasue 33 ajue imetokana na 3 na 11. Kwa 33 hilo ni jambo la mtoto wa shule, lakini namba zinazotumiwa leo zina tarakimu zaidi ya 600, na hakuna kompyuta ya leo inayojulikana kuweza kuzipasua.

Geuza mchezo huo na utapata sahihi. Ukitumia 7 yako kwanza, yeyote mwenye 3 ataweza kuhakikisha kwamba ni wewe na hakuna mwingine. Hapo ndipo pesa za kidijitali zilipozaliwa, maana kulipa ni kutia sahihi maneno "nimetoa kiasi hiki nimempa fulani". Bitikoini na ndugu zake hutumia hesabu za aina nyingine, za mikunjo ya duaradufu, lakini wazo ni hilo hilo: ufunguo mmoja wa hadharani, mwingine wa moyoni.

Je, M-Pesa ni siri?

Ni salama. Siri ni swali jingine.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilitumia menyu iliyomo ndani ya laini yenyewe, na ujumbe hufumbwa kwa ufunguo uliohifadhiwa humo kabla ya kuondoka kwenye simu yako. Jirani mwenye vifaa vya kunasa mawimbi hatafaidi sana. Lakini ukifika kwa kampuni, ujumbe hufumbuliwa, na haungeweza kuwa vinginevyo, kwa sababu kampuni ndiyo yenye daftari. Inajua nani alimtumia nani, kiasi gani, saa ngapi. Sheria inaweza kuilazimisha ikabidhi habari hizo mahakamani. Hilo si tuhuma kwa kampuni yoyote. Ndivyo mfumo wa daftari moja ulivyo.

Kwa watu wa kawaida, hatari iko karibu zaidi ya hapo. Iko mezani kwa wakala, kwenye kile kitabu chenye mistari ambamo jina lako, namba ya kitambulisho na namba ya simu huandikwa kwa kalamu, na anayekuja baada yako anakisoma akingoja zamu yake. Juni 2021 Wakenya wengi walipoangalia kwenye eCitizen walikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Wengi walivinyooshea kidole vitabu vya aina hiyo na madaftari ya mabawabu kwenye milango ya majengo. Hesabu zote nilizoeleza hapo juu hazina msaada wowote kwa kitabu kilichoachwa wazi mezani.

PIN nayo isikudanganye. Tarakimu nne ni uwezekano 10,000 tu, na kompyuta ingeumaliza kabla hujapepesa jicho. Kinachokulinda ni kwamba mfumo hufunga ukikosea mara chache. Ndiyo maana wezi hawahangaiki kuikisia. Wanakupigia wakijifanya wa huduma kwa wateja ili uitaje mwenyewe, au wanahamisha laini yako kwenye kadi nyingine.

Nimesikia kripto haiwezi kufuatiliwa. Ni kweli?

Si kweli, na Pwani ina ushahidi wake wenyewe.

Mwaka 2010 Mmarekani Will Ruddick na wenzake walijaribu Eco-Pesa huko Kongowea, Mombasa: vocha za karatasi za kubadilishana bidhaa mtaani pale shilingi zinapoadimika. Mei 2013 ikafuata Bangla-Pesa katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa. Mama wa samosa anampa fundi baiskeli vocha, fundi anamlipa mwenye maji, maji yanarudi kwa mama. Kabla mwezi haujaisha polisi walikuwa wamewakamata watu sita, Ruddick akiwemo, kwa mashtaka yaliyohusu karatasi za pesa bandia. Agosti mwaka huo mashtaka yakafutwa. Karatasi ilikuwa na kasoro zake, lakini jambo moja ililifanya bila hesabu yoyote: haikukumbuka imepita mikononi mwa nani.

Shirika lao, Grassroots Economics, lililojikita hapa Pwani, Kilifi ikiwemo, baadaye liliihamishia kazi hiyo kwenye simu kwa jina la Sarafu, likaiweka juu ya mnyororo wa bloku. Wakati wa korona, mwaka 2020, lilishirikiana na Shirika la Msalaba Mwekundu, na matumizi yakashamiri mitaani Nairobi, Mombasa na katika vijiji vya Kinango huko Kwale. Msingi wake si mgeni kwetu. Wamijikenda wana mweria: leo kikundi kizima kinalima kwako, wiki ijayo kwangu, na deni la kazi linazunguka. Sarafu iliandika deni la namna hiyo kwa tarakimu.

Lakini mnyororo wa bloku ni daftari la hadharani. Kila malipo hubaki humo, na yeyote duniani anaweza kulifungua na kusoma. Badala ya jina kuna anwani, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Hilo ni jina la bandia, na jina la bandia halikufanyi usijulikane.

Chukulia mfano. Anwani fulani hupokea vijisenti vingi kila alfajiri na kulipa kiasi kikubwa kila Ijumaa. Mtu wa kijijini hahitaji kompyuta: huyo ni mwenye kuuza mahamri, na Ijumaa ndipo anapolipia unga. Tangu hapo, kila malipo yake ya nyuma na ya mbele yako wazi, milele, kwa sababu daftari halifutiki. Data za Sarafu za Januari 2020 hadi Juni 2021, zenye mamia ya maelfu ya miamala, zilitolewa kwa watafiti baada ya kuondolewa majina na namba za simu. Wanauchumi wamejifunza mengi kwazo kuhusu jinsi pesa zinavyozunguka kwa watu wenye kipato kidogo, na mimi naona zimefanya kazi ya maana. Hata hivyo rekodi zilibeba habari kama jinsia, eneo na aina ya biashara. Katika jiji hizo si kitu. Katika kijiji chenye mwanamke mmoja tu anayeuza mafuta ya taa, jinsia, eneo na biashara ni sawa na jina lake.

Wenye vyama vya akiba wanaweza kuniuliza: ubaya uko wapi? Kwenye chama kila mtu ajue fulani amelipa na fulani hajalipa, ndiyo heshima yenyewe. Nakubali. Uwazi wa chama ni wa watu ishirini wanaojuana na wanaoweza kuzomeana. Uwazi wa mnyororo ni wa kila mtu, pamoja na mkopeshaji, mtalaka wako na mwizi. Ni haki ya mwanachama kujua kabla hajajiunga kwamba anaingia kwenye uwazi wa aina gani.

Tena kuna hili. Wengi walioitumia Sarafu walikuwa na simu za kabambe, wakipiga namba za USSD. Simu ya namna hiyo haiwezi kutunza ufunguo wa mnyororo wala kutia sahihi, basi seva ya mfumo ndiyo iliyowashikia funguo. Hakuna ubaya ikiwa unaiamini seva. Ila usiambiwe kwamba hapo hakuna wa kati.

Bitikoini iko vivyo hivyo. Mwaka 2016 wezi waliiba takriban bitikoini 120,000 kutoka soko la Bitfinex. Kwa miaka walizihamisha huku na kule kupoteza nyayo. Februari 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kukamata zaidi ya 94,000 kati yake pamoja na mume na mke waliokuwa wakizisafisha. Daftari lilikuwa limewangoja.

Kampuni imesema namba yangu imegeuzwa kuwa alama zisizosomeka. Nitulie?

Usitulie. Kuna hesabu inayoitwa hashi. Maarufu zaidi ni SHA-256, ambayo huchukua maandishi yoyote, mafupi au marefu, na kuyatoa yakiwa alama 64. Badilisha herufi moja na karibu alama zote zinabadilika. Kutoka kwenye alama huwezi kurudi kwenye maandishi, na kwa kazi ya kuthibitisha kwamba daftari halijachezewa, ni kifaa bora sana.

Ila namba za simu za Kenya huanza kwa 07 au 01 na kufuatiwa na tarakimu nane. Hizo ni namba milioni 200 kwa jumla, zisizozidi. Anayetaka kujua alama zako zimetokana na namba ipi hana haja ya kurudi kinyume. Anazipiga hashi zote milioni 200 na kulinganisha. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inamaliza kazi hiyo ndani ya dakika chache. Vivyo hivyo kwa namba za vitambulisho. Hashi haifichi kitu kinachoweza kukisiwa chote. Mwanafunzi anayeelewa aya hii moja amewapita baadhi ya watu wanaolipwa mishahara kulinda data.

Basi hakuna kabisa pesa ya kidijitali isiyomtaja mwenyewe?

Ipo, na ni kongwe kuliko bitikoini. David Chaum aliieleza kwenye mkutano wa wataalamu wa kriptografia mwaka 1982. Tuseme unatia hundi tupu ndani ya bahasha yenye karatasi ya kaboni. Benki inatia sahihi juu ya bahasha bila kuifungua, inakata pesa kwenye akaunti yako, na sahihi inapenya hadi kwenye hundi. Unaitoa hundi na kwenda kununua. Hundi ikirudi benki, benki inaitambua sahihi yake kuwa ya kweli, lakini haiwezi kujua hundi hiyo ilitoka kwenye bahasha ya nani. Chaum aliyafanya hayo kwa namba, akaanzisha kampuni ya DigiCash. Ilifilisika mwaka 1998. Hesabu hazikuwa na kosa. Wanunuzi na mabenki hawakuona sababu ya kuhangaika.

Waliofuata wamekwenda mbali zaidi. Monero, ya mwaka 2014, huchanganya ufunguo wako wa hadharani na funguo za wengine ili isijulikane ni nani hasa aliyelipa. Zcash, ya 2016, hutumia uthibitisho usiofichua. Wazo hilo lilitolewa na Goldwasser, Micali na Rackoff katikati ya miaka ya 1980: naweza kukuthibitishia kwamba kauli fulani ni ya kweli, kwa mfano kwamba nina salio la kutosha, bila kukuonyesha salio lenyewe. Hapa ndipo utafiti unapochemka siku hizi. Akiwa na miaka ya kusoma mbele yake, kijana wa Kilifi apige kambi hapa.

Lakini kabla ya kufika kwenye Monero umeinunua wapi? Kwa shilingi, kupitia simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho, au kwenye soko lililokupiga picha uso. Mlango wa kuingilia na wa kutokea unakutambua. Kwa mtu wa kawaida, pesa isiyokumbuka mwenyewe bado ni noti.

Worldcoin je? Walisema macho yetu hayahifadhiwi.

Julai 2023 Wakenya walipanga foleni Nairobi kuchunguzwa mboni za macho kwa tufe la chuma, wakipewa tokeni za mradi huo wa kripto zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo za kimaumbile zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Mfumo wao ulitumia kweli uthibitisho usiofichua niliouelezea. Mahakama haikuzijadili hesabu. Ilitazama yaliyotangulia hesabu: hakukuwa na tathmini ya athari inayotakiwa na sheria, na ridhaa iliyonunuliwa kwa tokeni si ridhaa. Mtu mwenye njaa hasomi masharti. Jicho nalo halibadilishwi kama PIN.

Je, kutaka siri ni dalili ya uhalifu?

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 imempa kila mtu haki ya faragha. Mwanamke anayeweka akiba kumkimbia mume mpigaji, muuguzi, mwandishi wa habari, mtoto wa kambo anayedai urithi, wote wana sababu halali. Anayeficha mapato ya wizi hana. Sheria hutazama kitendo.

Tangu Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilikuwa ikionya tu kwamba bitikoini si pesa halali. Oktoba 2025 Rais alitia saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali, iliyowapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kutoa leseni na kuwasimamia wenye masoko ya kripto. Anayekualika uwekeze, mwulize leseni, kisha uwaulize wasimamizi hao wawili kama wanamtambua.

Maneno 12 niliyopewa na woleti ni ya nini?

Hayo ndiyo pesa zenyewe. Woleti huchagua maneno 12 kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,048, na kutoka hayo hukokotoa funguo zako zote. Uwezekano ni kama 340 ikifuatiwa na sifuri 36, kwa hivyo hakuna atakayeyakisia. Ila anayeyasoma amechukua kila kitu, na ukiyapoteza hakuna wa kumpigia simu. Usiyapige picha, maana picha hupanda kwenye intaneti zenyewe. Yaandike kwa kalamu mara mbili, uyaweke sehemu mbili zisizofikiwa na mchwa wala maji ya chumvi. Usimwambie "mwalimu wa kripto" aliyekusaidia kufungua akaunti.

Orodha rasmi za maneno hayo ziko kwa Kiingereza, Kihispania, Kijapani, Kikorea, Kichina, Kifaransa, Kicheki, Kireno na Kiitaliano. Malindi tumebahatika angalau kwa hicho cha mwisho. Ya Kiswahili haimo, na kuitengeneza ni kazi ambayo wanafunzi wawili watatu wenye kamusi wangeweza kuianza likizo hii: maneno 2,048 yasiyofanana, yanayotofautiana katika herufi nne za mwanzo, yasiyo na matusi. Kiswahili kina ugumu wake hapo, kwa sababu viambishi hufanya maneno mengi yaanze sawa. Ndiyo raha ya kazi yenyewe.

Nataka kuisomea elimu hii. Nianzie wapi?

Anza na hesabu, si na bei ya bitikoini. Hesabu za baki kama ile ya 33, namba tasa, uwezekano, na aljebra dhahania. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kinafundisha hesabu na sayansi ya kompyuta, na mwenye msingi huo anaweza kuendelea mwenyewe. Kozi ya Dan Boneh wa Chuo Kikuu cha Stanford iko mtandaoni, na kitabu alichokiandika na Victor Shoup hupatikana bure. Kwa upande wa pesa, kitabu cha Arvind Narayanan na wenzake wa Princeton kuhusu bitikoini na teknolojia zake, cha mwaka 2016, kina rasimu ya bure na kimeandikwa kwa mtu asiye mtaalamu. Jifunze kuandika programu, Python inatosha kwa kuanzia, na uandike ule mfano wa 33 kwa mkono wako kabla ya kutumia maktaba za wengine.

Ukishaelewa, usibuni fumbo lako mwenyewe na kuwapa watu walitumie. Hata mabingwa hukosea, na makosa yao hugunduliwa kwa sababu wengine wengi wameyachungulia miaka mingi. Soma pia tabia za watu. Mfumo wa chama cha akina mama wa Marafa utavunjika kwa sababu mweka hazina amempa mjukuu simu, si kwa sababu mtu amepasua namba ya tarakimu 600.

Habari zangu zimetumiwa vibaya. Nilalamike kwa nani?

Kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliingia kazini Novemba 2020. Ofisi hiyo ina meno. Septemba 2023 iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Yaani jirani yako amekopa, wewe ndiwe unayetukanwa.

Hifadhi ujumbe wenyewe, usiufute kwa hasira. Andika tarehe, namba iliyotuma na jina la programu. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa maandishi au kwa mdomo, na ukisema kwa mdomo ofisi inapaswa kuyaandika kwa niaba yako. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.